Punguza Bei ya Ukweli Nyumbani Mwako

Adui hakudanganyi kirahisi. Akikuambia njia hii haina nyoka, utapita nyingine. Anayeweza kukudanganya ni yule unayemwachia funguo, unayemtajia namba ya siri ya simu, unayemwita shoga au ndugu yangu mbele za watu. Uongo hauna pa kushika mahali pasipo na imani. Matapeli wa simu wamelijua hilo siku nyingi. Ujumbe wao maarufu, “ile hela tuma kwenye namba hii”, hauna hata jina la mtumaji, lakini kila siku unamkuta mtu ambaye kweli ana kodi ya kumtumia mwenye nyumba au ada ya kutuma shuleni. Kinachoibiwa kwanza pale ni imani iliyokuwepo tayari kati ya mpangaji na mwenye nyumba wake. Fedha hufuata.

Ndiyo maana ushauri wa kutomwamini mtu yeyote haumfikishi mtu popote. Anayeufuata hakopi wala hakopeshi, hajiungi na kikoba, hamwachii jirani mtoto hata kwa saa moja. Unachohitaji ni vitu viwili: kuishi na watu kwa namna ambayo hawatahitaji kukudanganya mara kwa mara, na kuweka taratibu zitakazomuumbua mapema atakayedanganya hata hivyo. Nitakaa zaidi kwenye hicho cha kwanza kwa sababu ndicho tunachokipuuza.

Jiulize anaogopa nini

Mwaka 1996 Bella DePaulo na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambamo watu waliandika kwa wiki nzima kila uongo waliousema. Wanafunzi wa chuo walifikia wastani wa uongo kama miwili kwa siku, na watu wa kawaida wa mjini kama mmoja. Mwingi ulikuwa wa kupita: chakula kitamu, niko njiani, sijambo. Kisha mwaka 2010 Kim Serota na wenzake wakawahoji Wamarekani 1,000 kuhusu siku iliyotangulia. Watu kama 6 katika kila 10 walisema hawakudanganya hata mara moja, na karibu nusu ya uongo wote ulitoka kwa watu 5 katika kila 100. Yaani wapo waongo wa kudumu, na ni wachache. Mtu wa kawaida siku nyingi husema kweli, na siku akidanganya, ujue kuna kitu kimemsukuma.

Tunapenda kusema kilichomsukuma ni tamaa. Tamaa ipo, lakini ndani ya nyumba na ndani ya kikundi, hofu na aibu huzaa uongo mwingi zaidi. Tazama mikopo ambayo mitaani Tanzania inaitwa kausha damu. Mama anauza mboga, mtaji umekata, anachukua laki mbili kwa mkopeshaji wa mtaani na kuahidi marejesho ya kila wiki. Mumewe hajui. Hakumwambia kwa sababu siku moja, wageni wakiwa wamekaa barazani, alimsikia akisema kwamba mwanamke anayekopa hana akili. Wiki ya tatu marejesho yanamshinda, anachukua mkopo wa pili kulipia wa kwanza. Akiulizwa mbona kitoweo kimepungua, anajibu kuwa biashara ni mbaya. Akiulizwa anakwenda wapi kila Jumanne, anajibu kuwa anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Siku wakopeshaji wanapokuja kubeba televisheni na godoro, mume anauliza mbele ya majirani: “Kwa nini hukuniambia?” Jibu analo yeye mwenyewe. Alilitoa zamani, siku ile barazani.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi, kwa sababu unaonyesha mbinu ambayo wengi hawaifikirii kabisa: angalia unavyoyasema makosa ya watu wengine. Watu wa nyumbani mwako hawasubiri wakosee ndipo wajue utawafanya nini. Wanakusikiliza kila siku. Binti anayesikia unavyomsema binti wa jirani aliyepata mimba ameshajua kama akipata tatizo atakuja kwako au atakwenda kwa mtu wa kichochoroni. Kijana anayesikia unavyomcheka mpwa wako aliyefeli mtihani ameshajua la kufanya na matokeo yake yatakapotoka. Kila unapomtangaza aliyekosea huko nje, unapandisha bei ya ukweli humu ndani.

Sisi watu wa mwambao, na wengi wa bara pia, tumelelewa kusitiriana. Jambo la nyumbani halitoki nje ya mlango, na hilo ni adabu njema ambayo nisingependa ipotee. Kosa huanza pale sitara iliyokusudiwa kwa wapita njia inapogeuzwa kuwekwa kati ya mume na mke, au kati ya mzazi na mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na deni lina tabia ileile ya maradhi.

Dakika ya kwanza

Mtu akishakuja kukuambia ukweli mchungu, mengi yataamuliwa na utakachofanya katika dakika ya kwanza. Wengi wetu dakika hiyo tunaipoteza kwa “kwa nini”. Kwa nini umefanya hivi, kwa nini hukusema mapema. Swali hilo ni hukumu iliyovaa nguo ya swali, na aliyekuja na ukweli nusu atauficha ule mwingine uliobaki.

Anza kwa kumshukuru, na umaanishe. “Mama Salma, ahsante kwa kuniambia.” Kisha uliza mambo yanayohesabika: jumla ni kiasi gani, nani mwingine anadai, siku ya kulipa ni lini, nani mwingine anajua. Maswali ya namna hii humsaidia mtu kutoa mzigo wote kwa mara moja, kwa sababu anaona unatafuta njia. Kama hasira imekupanda, iseme kama ilivyo: “Nimeumia na nina hasira, sitaki kusema neno nitakalolijutia. Tukae baada ya Isha.” Lakini uitaje saa, na ikifika ukae kweli. Hasira isiyo na saa humrudisha mwenzako mafichoni.

Baada ya hapo yapo mambo mawili ya kujizuia. Usiende kumsimulia mama mkwe wala shoga. Na ukweli alioukiri usiutoe tena siku mnagombana kuhusu jambo jingine. Mwaka mzima baadaye mnabishana juu ya sukari, wewe unamkumbusha kausha damu: hapo umemfundisha kwamba kukiri kwake kulikuwa kosa la pili. Hatarudia.

Sisemi kosa lisiwe na matokeo. Fedha ilipwe, faini itozwe, mtoto aoshe alichochafua. Adhabu ya kosa ibaki kwenye kosa, na kule kusema kweli kuonekane waziwazi kuwa kumeipunguza.

Kwa watoto jambo hili lina ushahidi wa kututia uchungu. Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti uliofanywa katika shule mbili za Afrika Magharibi kwa watoto wa miaka 3 na 4. Shule moja ilitumia fimbo na makofi hata kwa makosa madogo, nyingine ilitumia maonyo ya mdomo. Mtoto aliachwa peke yake chumbani na kuambiwa asigeuke kutazama kitu cha kuchezea kilicho nyuma yake. Katika shule zote mbili wengi waligeuka. Walipoulizwa, waliochungulia katika shule ya fimbo karibu wote walikana, wakati katika shule nyingine walikana wachache zaidi, nusu yao na kidogo. Tena wale wa shule ya fimbo waliukana ukweli kwa ustadi zaidi: hawakujikanyaga kirahisi walipoulizwa maswali ya kufuatia. Fimbo haikuwazuia kuchungulia. Iliwafundisha kudanganya vizuri wakiwa na miaka mitatu au minne.

Utafiti mwingine wa Talwar, wa mwaka 2015, uliowahusisha watoto wa miaka 4 hadi 8, ulikuta kwamba kitisho cha adhabu kilipunguza ukweli, na kumwambia mtoto kwamba mtu mzima atafurahi akisema kweli kuliuongeza. Kwa hiyo ukikuta sahani imevunjika na unajua ni nani, usimtege kwa “ni wewe uliyevunja?” Unampa nafasi ya kudanganya ambayo hakuwa nayo. Mwambie: “Mwanangu, nimeona sahani imevunjika. Njoo tuokote vipande usijikate, halafu unieleze ilivyokuwa. Ukinieleza kweli nitafurahi.” Kisha akieleza, furahi. Mtoto anapima kama umetimiza.

Macho hayasemi

Karibu kila mtu anaamini mwongo hujulikana kwa macho. Watafiti waliouliza swali hilo katika nchi 58, na kuchapisha majibu yao mwaka 2006, walikuta imani hiyo dunia nzima: mwongo hakutazami usoni. Haina msingi wa kutosha. Mwaka huohuo Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zenye waamuzi zaidi ya 24,000, wakakuta mtu anayejaribu kutofautisha kweli na uongo kwa kumtazama na kumsikiliza msemaji hupatia mara 54 katika kila 100. Ukirusha sarafu utapata 50. Watu ambao kazi yao ni kuhoji hawakuwapita wengine.

Kwetu imani hiyo ina madhara ya ziada. Mtoto aliyefunzwa adabu akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho. Mfanyakazi wa ndani aliyetoka kijijini hufanya hivyohivyo mbele ya bosi wake. Wangapi wamefukuzwa kazi kwa wizi ambao hawakuufanya, kwa sababu tu walishindwa kumkazia macho mama mwenye nyumba? Na tapeli aliyebobea hukutazama machoni bila kupepesa. Hata mashine haikufua dafu: Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA aliyekuwa akiwauzia Warusi siri za nchi yake, alipimwa kwa mashine ya kugundua uongo mwaka 1986 na tena 1991, akapita mara zote mbili. Alikamatwa mwaka 1994, na mojawapo ya mambo yaliyomponza ni matumizi makubwa kuliko mshahara wake.

Fedha zake ndizo zilizosema, na hapo pana funzo la kutumia. Acha uso, sikiliza maelezo, kisha yalinganishe na vitu vinavyoweza kukaguliwa.

Chukua fundi anayekujengea wewe ukiwa mbali. Ukimpigia na kuuliza, “Saruji imetumika mifuko kumi?” umempa jibu mdomoni, atasema ndiyo. Muulize hivi: “Fundi, hebu nieleze kazi ya jana, tangu mlipofika mpaka mlipofunga.” Mwache aseme, usimkatize. Kisha uliza vitu vidogo ambavyo mtu hawezi kuvipanga kabla: nani alibeba maji, mchanga umebaki kiasi gani, mifuko mitupu mmeiweka wapi. Mwenye kweli anaweza kusahau hiki na kile, lakini ana maelezo ya kutosha na hayamgharimu kitu. Aliyetunga atabaki kwenye hadithi fupi aliyoiandaa. Aldert Vrij, mwanasaikolojia aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili nchini Uingereza, ameonyesha jinsi maswali yasiyotarajiwa yanavyosaidia kuliko kutazama jasho. Kisha omba picha ya mifuko mitupu ikiwa imepangwa. Mifuko mitupu inahesabika.

Kama una risiti au umeshaambiwa na jirani, usianze kwa kuitoa. Mwache aeleze kwanza, ndipo ulinganishe. Ukiitupa mezani mapema, atairekebisha hadithi yake ili iendane nayo, na asiye na hatia utakuwa umemkosea kabla hajafungua mdomo. Uliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kazi yake. Sauti ya polisi humfanya hata mkweli ababaike.

Kufuli tatu

Watu wengi husita kuweka utaratibu wa kukagua kwa sababu wanaona ni matusi. “Unanihesabia? Huniamini?” Vikundi vya kuweka na kukopa vimelijibu swali hili vizuri kuliko taasisi nyingi kubwa. Mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na ambao umeenea Afrika Mashariki yote, unatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila siku ya mkutano, mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Mweka hazina hawezi kulilaumu sanduku kwamba halimwamini, kwa sababu halimwamini mtu yeyote kwa usawa. Na siku mtoto wake akiugua usiku, lile sanduku linamlinda dhidi ya wazo la kuazima kidogo atakachorudisha kesho.

Utaratibu mzuri basi huwekwa siku ya kwanza, kabla hajashukiwa mtu, na humhusu kila mmoja, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Ukiuleta baada ya fedha kupotea, ni tuhuma. Kwa Waislamu jambo hili halina hata mjadala: aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi, na haikuwabagua ndugu wala marafiki. Andikishianeni. Mkopo kwa shemeji, gari la kaka linaloendeshwa kwa hesabu, kiwanja cha urithi, vyote viandikwe mkiwa bado mnacheka pamoja.

Ogopa mahali ambapo imani inatakiwa na kukagua kunakatazwa. DECI, mpango wa upatu uliofungwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, ulikuwa ukiwaambia watu wapande mbegu na kungoja kuvuna. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na maneno yake yalikuwa ya kanisani. Imani ya muumini kwa mchungaji wake ni kitu halali kabisa. Ilihamishiwa kwenye biashara ambayo haikuwa na hesabu za kuonyesha, na fedha za wa mwisho ndizo zilizowalipa wa kwanza. Anayekualika kuweka fedha muulize faida inatokana na kazi gani. Akijibu kwa kukutajia nani mwingine ameshaweka, ondoka.

Kwa fedha za simu, kukagua ni rahisi zaidi. Kabla ya kutuma, piga namba uliyokuwa nayo siku zote, usikie sauti, na mtajiane jambo mnalolijua nyinyi wawili. Nchini Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040, na ukibonyeza *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo hata kama hujatapeliwa.

Kama mwongo ni wewe

Mwaka 2006 Maurice Schweitzer na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walicheza mchezo wa kupeana fedha na wenzao kwa raundi kadhaa. Waliotendewa isivyo haki waliweza kumwamini tena mwenzao baada ya kumwona akitenda haki mfululizo. Lakini pale ambapo kosa lilifuatana na udanganyifu, imani haikurudi kamili, hata baada ya ahadi, radhi na matendo mema. Kosa linatibika. Uongo wa kulifunika huacha kilema.

Wengi hujaribu kupita katikati, wakakiri kidogo. Unadaiwa laki nane, unasema tatu. Eyal Peer na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2014, walikuta waliokiri nusu walijisikia vibaya kuliko waliokiri yote. Na kwa anayeambiwa ni vibaya zaidi, kwa kuwa ile tano iliyobaki itakapojitokeza, hata ule ukweli wa tatu utageuka kuwa uongo machoni pake. Kusubiri nako hakusaidii. Tali Sharot na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mtu anapoendelea kudanganya kwa faida yake, ubongo wake hupunguza mwitiko wa ule mshtuko wa mwanzo, na uongo wake hukua. Kama leo bado moyo unakudunda, hiyo ni nafuu uliyonayo.

Basi andika kwenye karatasi kila unayemdai na kila anayekudai, majina na kiasi, bila kupunguza shilingi. Chagua saa ambayo watoto wamelala na mwenzako ameshakula. Usianze kwa historia ya jinsi ulivyoingia, anza kwa jumla: “Baba Salma, ninadaiwa laki nane, na orodha yote ni hii.” Mpe karatasi mkononi. Usimwombe asikasirike, na usidai msamaha usiku huohuo. Mwambie utakachofanya wiki hii na jinsi atakavyoweza kukagua bila kukuuliza: daftari litakaa wapi, ujumbe wa malipo ataonaje. Kisha fanya, wiki hadi wiki, hata pale atakapokaa kimya.

Na wewe unayepewa karatasi hiyo, isome mpaka chini kabla hujasema neno.